“Kwani hao ni watu?” Swali la kijana wa Lamu kuhusu maadui wa anga za mbali

“Mwalimu, assalamu alaikum. Mimi ni baba wa watoto watatu, tunakaa Langoni, Lamu. Shemeji yangu aliporudi kutoka safari za meli alituletea flashi iliyojaa tamthilia za zamani za anga, na tangu hapo kila baada ya Isha nyumba nzima hukusanyika mbele ya runinga. Juzi tuliangalia ile sehemu ya Star Trek ambayo wale mabaharia wa angani wanamwokota kijana aliyejeruhiwa wa Borg, lile kundi la maadui waliopachikwa mitambo mwilini, wanamtibu, kisha wanapanga kumtia kitu kichwani na kumrudisha kwao ili kiwaangamize wenzake wote. Mwishowe nahodha anakataa. Mwanangu mkubwa, ana miaka kumi na mitatu, aliruka kwa hasira: ‘Baba, huyu nahodha mjinga! Angewamaliza wote siku moja! Kwani hao ni watu?’ Mama yangu, niliyedhani keshasinzia, akajibu kutoka kitandani kwake: ‘Kiumbe ni kiumbe.’ Wakabishana mpaka umeme ukakatika. Mimi sikuwa na la kusema, na moyoni naona kijana ana hoja. Adui asiyesemezeka, asiyechoka, asiyesalimu amri, utamfanya nini? Kinachonisumbua zaidi ni kwamba siku hizi yeye na wenzake wamempa mtoto wa jirani, watu waliohamia kutoka bara mwaka jana, jina la ‘Borg’, kwa kuwa hasemi sana na lafudhi yake ni nyingine. Je, niwazuie kuangalia? Na kuua viumbe wasiokuwa watu kuna uzito gani kimaadili, au nahangaika bure na mchezo wa runinga?”

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Huhangaiki bure. Nimefundisha maadili ya vita kwa miaka mingi, na swali la mwanao ndilo linalogawa darasa langu kila muhula. Watu wazima wenye shahada hulizunguka. Yeye amelitoa kama lilivyo, na bibi yake amempa jibu la maneno matatu ambalo mimi nitahitaji nafasi kubwa kulieleza.

Nikikusoma vizuri, una mashaka mawili uliyoyafunga kitambaa kimoja. Moja ni la fikra: adui asiyekuwa binadamu, asiyejua suluhu, ana haki gani juu yetu? La pili ni la nyumbani: mwanangu anageuka kuwa mtu wa namna gani? Niruhusu nianze na la kwanza, kwa sababu la pili limeshikamana nalo.

Tuliangalie hilo neno “watu”. Mwanao anaona kwamba mpaka wa haki umechorwa kuwazunguka binadamu. Aliye ndani ana haki, aliye nje ni kama kuni. Kwa mtoto aliyelelewa Lamu hilo ni geni kuliko anavyodhani. Katika chuo cha Kurani amesoma Surat al-Jinn. Humo wamo viumbe wasio binadamu, hawakuumbwa kwa udongo, hatuwaoni, na wapo miongoni mwao waovu hasa. Lakini wanasikiliza, wanafikiri, wanaamini au wanakataa, na wenyewe wanasema kuwa kati yao wamo walio wema na wamo walio kinyume cha hivyo. Mabibi zetu waliotukataza kupita chini ya mbuyu wakati wa magharibi walitusimulia pia majini waliosaidia wavuvi. Kiumbe asiye mtu lakini mwenye akili na dhamana si wazo lililokuja na runinga. Sisi tunalo tangu zamani. Mwulize mwanao: jini mwema akikutolea salamu, utamwua kwa kuwa si mtu? Atacheka, lakini atakuwa ameshajibu.

Kwa hiyo umbo lake haliamui. Ninachotazama mimi ni kama anaumia, kama anajijua kuwa yupo, kama anaweza kuchagua, na kama anaweza kuacha kupigana. Ng’ombe ana lile la kwanza tu kwa uhakika, na hilo peke yake limetosha kutuwekea adabu za kuchinja: kisu kinolewe vizuri, na kisinolewe mbele ya macho yake. Yule kijana wa Borg anayo yote manne, na sehemu ile mliyoiangalia, iliyotoka mwaka 1992, imejengwa kutuonyesha akiyapata moja baada ya jingine.

Rudini muitazame tena. Anapofika hana jina, ana namba tu: wa Tatu kati ya Watano. Fundi mkuu wa mitambo, Geordi, ndiye anayempa jina, Hugh, kwa sababu linasikika karibu na neno ambalo Waingereza humwambia mwenzao “wewe”. Yaani jina lake la kwanza duniani limetokana na kuambiwa “wewe” na mtu mwingine. Kisha anakuja Guinan, yule mama anayeendesha mkahawa wa chomboni. Watu wake waliangamizwa na Borg, wachache waliobaki wametawanyika, naye haji kwa huruma. Anakuja kumkabili. Anamweleza yaliyowapata watu wake, na yule kijana, badala ya kutisha, anamwambia kwamba anachokisikia katika maneno yake ni upweke, na kwamba yeye Hugh pia ni mpweke. Mwangalie uso Guinan hapo. Anatoka chumbani kile akiwa mtu mwingine, na anakwenda kumwambia nahodha: kabla hujamtumia kama silaha, nenda ukaonane naye ana kwa ana.

Na nahodha anakwenda na mtihani mgumu. Picard aliwahi kutekwa na Borg na kugeuzwa mmoja wao, mkaona katika sehemu za mwaka 1990. Sasa anajifanya bado ni wao. Anamwamuru Hugh asaidie kuwateka wote chomboni, pamoja na Geordi. Kijana anakataa. Anasema hatafanya, na kwa mara ya kwanza anajitaja kwa umoja: mimi. Baada ya hapo Picard hawezi tena kumwona kama chombo cha kubebea sumu.

Sasa tuingie kwenye kosa la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza na limewaenea hata watu wazima. Wengi hudhani adui huuawa vitani kwa sababu ni mbaya. La. Ubaya wa mtu ni kazi ya kadhi, na kadhi anataka ushahidi. Askari anaruhusiwa kumpiga adui kwa sababu moja nyembamba: wakati huu, mkono wa adui huyu umeinuliwa, na hakuna njia nyingine ya kuuzuia. Mkono ukishuka, ruhusa imekwisha. Ndiyo maana kifungu cha 41 cha Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, kinakataza kumshambulia adui aliyesalimu amri, aliyeshikwa, au aliyelemewa na jeraha hata hawezi kujitetea. Hakiulizi alikuwa mbaya kiasi gani jana. Karne nyingi kabla ya Geneva, Abubakar as-Siddiq alipoaga jeshi lililokwenda Sham aliwaagiza wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate miti ya matunda, wasichinje mifugo ila ya kula. Mipaka ile ilikuwa ya kuwafunga mikono wapiganaji wake mwenyewe, adui awe nani.

Mimi ni mzaliwa wa Shela. Nikiwa na miaka tisa hivi babu yangu alinichukua nyuma ya milima ya mchanga, kusi ikiwa imevuma wiki nzima. Upepo ulikuwa umefagia mchanga ukaacha mfupa wazi, mweupe kama kauri, na pembeni yake meno mawili. Nikainama kuokota. Babu akanishika mkono. Akachuchumaa, akaufukia kwa viganja vyake, pole pole, akaomba dua, ndipo akanisimulia vita vya Shela, vya karibu mwaka 1813, Wapate na Mazrui wa Mombasa walipokuja kuitwaa Lamu. Watu wa Lamu wakashinda. Wavamizi wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimelala mchangani, na hapo ufukweni ndipo wengi wao walipouawa. Ushindi ule tunajivunia hadi leo. Lakini babu akifika pale kwenye maji kupwa sauti yake ilishuka. “Hapo tena,” alisema, “walikuwa hawana pa kwenda.”

Mwanasheria atanikumbusha kwamba anayekimbia bila kusalimu amri bado ni halali kupigwa, na ni kweli, maana anaweza kujipanga na kurudi kesho. Babu hakuwa mwanasheria. Alichokuwa akikisikia ni ile nukta ambapo vita vinageuka kitu kingine, na hakuhitaji kuwachukia Wapate ili aipende Lamu. Miaka ishirini baadaye, niliposoma kifungu cha 41 kwa mara ya kwanza, nilikumbuka viganja vyake.

Lakini wewe umeniuliza jambo gumu zaidi, nami sitaki kulikwepa: Borg hasalimu amri. Hana balozi, hana mfalme wa kuandikiana naye mkataba, hachoki. Waandishi wa tamthilia walimtengeneza hivyo makusudi, na kwa adui wa namna hiyo sheria zetu zinapwaya kwa sababu ziliandikwa na binadamu kwa ajili ya binadamu. Hata mkataba wa mwaka 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari unataja makundi ya watu: taifa, kabila, rangi, dini. Wakili mwerevu angeweza kusema Borg hawamo. Hapo ndipo inabidi tuulize sheria iliwekwa kwa nini, maana maandishi yake hayatufikishi.

Tutazame basi Borg ni nani hasa. Hawazaliwi maadui. Kila mmoja wao ni mateka: mtu aliyekamatwa, akapachikwa mitambo, akaunganishwa na akili moja mpaka sauti yake ikazimwa. Katika sehemu ya mwaka 1989 walipoonekana mara ya kwanza, Riker, msaidizi wa nahodha, anavuta kitu kama mtoto wa meza ukutani, na ndani yake amelala mtoto mchanga, tayari ameanza kutiwa mitambo. Itafute sehemu hiyo kwenye flashi yako. Kisha mwulize mwanao: ulipotaka wamalizwe wote, yule wa ukutani alikuwemo katika hesabu?

Na kuna jambo jingine ambalo kijana huenda hakulioanisha. Mwaka 1990, chombo cha Borg kilipokuwa njiani kuelekea Dunia, Picard yumo ndani akiwa amegeuzwa adui. Riker akaamuru silaha nzito ifyatuliwe kwenye chombo kile, akijua nahodha wake yumo. Silaha haikufaulu, na Borg wakaendelea mbele wakaharibu meli 39 na kuua karibu watu 11,000. Mimi nasema Riker alifanya sawa. Mkono ulikuwa umeinuliwa, Dunia nzima ilikuwa mbele yake. Baadaye wakapata njia ya kumtoa Picard, akarudi kuwa mtu. Sasa fikiria: kama hukumu ya mwanao, kwamba Borg si watu na wote wafe, ingetumika siku ile, Picard asingekuwepo miaka miwili baadaye kuitwa mjinga. Amri ya Riker na ile anayoitaka mwanao zinaonekana kama ndugu, lakini ya kwanza inalenga kitendo kinachotendeka saa hiyo, na ya pili inalenga kuwepo kwao kwenyewe.

Hilo ndilo ninaloliamini: haki ya kumpiga adui inatoka kwenye anachokifanya, haitoki kwenye alivyo. Ukiitoa kwenye alivyo, haina mwisho, kwa sababu kitendo kinaweza kukoma lakini umbile halikomi.

Sasa nimtendee haki mwanao. Hoja yake ina nguvu, na haitoki kwenye utoto. Katika sehemu za mwaka 1993 admeri mmoja anamkemea Picard kwa kosa lile lile: ulikuwa na nafasi ya kuwamaliza, hukuitumia, na wajibu wako ulikuwa kuwalinda raia. Maneno yake mazito. Kila atakayetekwa na Borg baada ya siku ile ana haki ya kuuliza kwa nini aliachiwa hatari hiyo. Na huruma ile haikuzaa maua matupu. Hugh aliporudi, kundi lake lilikatika kutoka kwenye ile akili moja, likachanganyikiwa, likaangukia mikononi mwa kiongozi mkatili aliyewatumia kwa ubaya. Tamthilia ilikuwa na ujasiri wa kutuonyesha hilo, na wewe usimfiche mwanao. Asije akadhani kutenda haki kunalipa kila mara. Mimi nasimama na Picard, kwa sababu kuua walio mateka, na watoto wao, na ambao bado hawajatenda lolote, ni bei ambayo sioni nani ana mamlaka ya kuilipa kwa niaba yetu. Lakini nasimama hapo nikijua kuna watakaoumia kwa uamuzi huo. Mtu akichagua upande wa admeri kwa machozi, nitaketi naye tuzungumze usiku kucha. Akichagua huku anashangilia, nitahofia zaidi hiyo shangwe kuliko uchaguzi wenyewe.

Kuna hadithi moja ya Mtume, imo katika Bukhari na Muslim, ambayo naiona kama iliandikwa kwa ajili ya adui wa kundi moja. Nabii mmoja wa zamani aliumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Mwenyezi Mungu akamfunulia: sisimizi mmoja amekuuma, nawe ukachoma umma mzima unaonisabihi? Angalia hadithi ilivyowaita. Umma. Sisimizi kwa macho yetu wote ni sawa, hatutofautishi mmoja na mwingine, na ni rahisi kusema “wao” ndio waliouma. Hadithi inahesabu: mmoja. Ile nyumba yenye maelfu ilikuwa na mmoja aliyekosa. Mpe mama yako hadithi hiyo kama hajaisikia, ingawa naamini ndiyo aliyokuwa nayo kichwani alipojibu.

Tamthilia nyingine za aina hii zimelizunguka swali hilo hilo, na si zote zimelijibu kwa uaminifu. Katika Doctor Who ya mwaka 1975, shujaa anashika nyaya mbili mkononi. Akizigusanisha atalipua chumba wanamokuzwa Dalek, maadui waovu kuliko wote, kabla hawajatoka. Anasita, anauliza kama ana haki hiyo. Swali zuri kabisa. Lakini mwishowe mwandishi anamwokoa asijibu: Dalek mmoja anapita juu ya nyaya na mlipuko unatokea wenyewe. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wakiona hivyo waandike pembeni: hapa mwandishi amekimbia. Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek iliyofungwa mwaka 1999, ilikuwa na moyo zaidi. Humo idara ya siri ya upande wetu inawaambukiza kwa siri watawala wa adui ugonjwa wa kuwaua wote, kitu ambacho katika dunia yetu kimepigwa marufuku na mkataba wa silaha za kibayolojia wa 1972. Vita vile vikali vinafika mwisho pale mmoja wa jamii yao, Odo, anayeishi na binadamu, anapompa kiongozi wa adui dawa. Ndipo anakubali kusalimu amri. Siisemi hiyo kama ushahidi, maana mwandishi anaweza kumaliza vita apendavyo. Naisema kwa sababu inamwonyesha kijana kitu ambacho hakukiona katika hesabu yake: adui anayeona kuwa mwisho wake ni kufa tu hana sababu ya kuacha kupigana.

Sasa tuje nyumbani kwako, na kwa huyo mtoto wa jirani, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Runinga ina mbinu za kumtengeneza adui, na ni mbinu za kuondoa. Borg wameondolewa rangi ya uso, wote wamepauka. Wameondolewa jicho moja, na jicho ndilo tunalosomea huzuni. Wameondolewa sauti ya mtu mmoja, wanasema kwa pamoja. Hatuoni wakila, hatuoni mama zao, hatuoni wakizikana. Ukishamwondolea kiumbe hivyo vyote, mtazamaji hahitaji kuambiwa asihurumie. Huruma inakosa pa kushika. Kisha mwandishi mzuri, kama huyu wa 1992, anaanza kurudisha kimoja kimoja, jina, njaa, rafiki, na wewe na mwanao mnajikuta mnagombana sebuleni. Hiyo ndiyo kazi yake, na ameifanya vizuri.

Mbinu hizo hazikuanzia studioni. Rwanda mwaka 1994 redio iliwaita watu mende kabla na wakati wa kuwaua. Hapa kwetu Kenya, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, neno “madoadoa” lilitosha kumgeuza jirani wa miaka mingi kuwa uchafu wa kusafishwa. Sisemi watoto wa Langoni wamefika huko, hata kidogo. Nasema wamemkuta mtoto asiyesema sana, lafudhi yake ni nyingine, mitaa yetu myembamba bado haijui, na wakampa jina la kundi badala ya jina lake. Geordi alifanya kinyume: alikuta namba akatoa jina. Mwanao ameiona sehemu hiyo kwa macho yake, kwa hiyo unayo pa kuanzia.

Usimzuie kuangalia. Najua wapo watakaokushauri uitupe flashi baharini, na nia yao ni njema, lakini mtoto akinyang’anywa swali hubaki na jibu lake la kwanza. Na hakuna ubaya kijana kufurahi adui anaposhindwa. Anafurahi kwa kuwa aliowapenda wamepona. Kaa naye. Usimhubirie. Mwambie akusimulie sehemu ile yote tena, safari hii yeye akiwa Hugh: ameamka wapi, ameona nini, alihisi nini sauti za wenzake zilipokatika kichwani. Watoto wa umri huo wana uwezo mkubwa wa hilo, na mara nyingi hukwama katikati, wakanyamaza. Mwache anyamaze. Kisha, siku nyingine, si siku hiyo hiyo, mwulize mtoto wa jirani anaitwa nani na kwao wanakula nini. Kama hajui jina, mtume akamwite aje kuangalia nanyi. Na wewe mwenyewe nenda ukapige hodi kwa wazazi wake. Mwaka mzima wamekaa hapo. Huenda wanakungoja wewe mwenyeji uanze.

Hili la jina la “Borg” lizungumze waziwazi na kwa ukali kiasi, maana kulea ni pamoja na kukataza. Mwambie kwamba jina hilo halitatumika tena kwa mtu yeyote nyumbani mwako, na umweleze sababu kwa maneno yako.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kijana akianza kuota ndoto za kutisha kila siku, akijitenga, akitesa paka au punda wa mtaani, au yule mtoto wa jirani akipigwa au kuibiwa vitu, usingoje. Onana na mwalimu wake wa darasa na wa ushauri nasaha, na ustadhi wake wa chuo, uso kwa uso. Maneno kama “wote wafe” yakihama kutoka kwa Borg kwenda kwa watu halisi, kabila, dini au wageni, hasa kama kuna mtu mzima asiyemjua vyema anayemwandikia simuni mambo hayo, mtafute siku hiyo hiyo mtu mzima unayemwamini: ustadhi, mzee wa mtaa, au ofisi ya watoto ya serikali. Tena usimwache kijana peke yake na simu. Sisi wa kaunti hii tulipitia mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na miezi ya amri ya kutotoka nje usiku, na wapo kati yetu ambao mlio wa risasi kwenye runinga hauwaishii kwenye runinga. Kama wewe au mama yako ni mmoja wao, moyo ukidunda na usingizi ukikimbia baada ya sehemu hizo, nendeni hospitali ya kaunti mkaulizie mhudumu wa afya ya akili. Si aibu, na si kupoteza muda wake.

Nikuache na kazi ya usiku wa leo. Katika tamthilia zile za kwanza kabisa za Star Trek, za kati ya 1966 na 1969, iko sehemu ya mwaka 1967 ambapo wachimbaji migodi wanauawa gizani na kiumbe mfano wa jiwe linalotambaa. Kila mtu anataka kiuawe. Baadaye inagunduliwa kwamba yale mawe ya mviringo wachimbaji waliyokuwa wakiyavunja na kuyatupa ni mayai yake, na yule muuaji ni mama wa watoto wale wote. Inadumu chini ya saa moja. Iangalieni mapema, kabla umeme haujakatika, mtoto wa jirani awepo, na kitanda cha mama yako kisogezwe karibu na runinga.